Umri wa Hewa na Ufungukaji wa Halojeni: Istilahi za Sayansi ya Anga ya Juu

1. Utangulizi

Mji wa Singida umejengwa kwenye uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, karibu nyuzi tano kusini mwa ikweta. Wakati wa kiangazi upepo huvuma huko mchana kutwa ukipeperusha vumbi la mashamba yaliyokwisha vunwa alizeti. Mkazi wa hapo akiulizwa upepo huo watoka upande gani, atajibu bila kusita kwamba watoka mashariki. Lakini akiulizwa hewa hiyo ina umri wa miaka mingapi, huenda akadhani anafanyiwa mzaha. Mtu ana umri, mti una umri, hata ng'ombe ana umri. Hewa yawezaje kuwa nao?

Hata hivyo, wataalamu wa anga hulitumia neno hilo kila siku, nao hulipa maana iliyo bayana. Husema kwamba hewa iliyo kilomita 20 juu ya nchi zenye majira ya baridi ina umri wa miaka mitatu hivi, na kwamba hewa ya juu karibu na ncha za dunia yaweza kuwa na umri wa miaka mitano au sita. Kutokana na umri huo hukadiria ni kiasi gani cha klorini na bromini kimekwisha funguka kutoka katika gesi za viwandani na kuanza kuila ozoni.

Madhumuni ya makala haya ni mawili. Kwanza, tutaeleza jinsi umri huo unavyokadiriwa kwa kupima gesi haba zilizomo hewani. Pili, tutaonyesha kwamba Kiswahili kinayo maneno ya kuzieleza dhana hizi barabara, ila yafaa tuyatenge vizuri. Kwani maneno mawili yanayokaribiana, yaani kutoa na kufunguka, yakichanganywa, msomaji hupotoshwa juu ya jambo linalohusu afya yake na mazao yake.

2. Stratosfia na njia ya kuiingia

Angahewa imegawanyika katika matabaka. Tabaka la chini, ambamo mna mawingu, mvua na vumbi, huitwa troposfia. Juu yake lipo tabaka la stratosfia, ambamo joto huzidi kadiri mtu apandavyo, na kwa sababu hiyo hewa yake haipinduki-pinduki kama ya chini. Ozoni nyingi imo humo, nayo hutukinga na miali mikali ya jua.

Yafaa ikumbukwe kwamba elimu ya stratosfia ya nchi za joto ilipata mwanzo wake mmojawapo katika nchi yetu hii. Mnamo mwaka 1908 Arthur Berson na Hermann Elias, kutoka kituo cha uchunguzi wa anga cha Lindenberg, Ujerumani, walikuja Afrika Mashariki na kurusha maputo yenye vipimo katika eneo la Ziwa Viktoria, kaskazini-magharibi mwa Singida. Walithibitisha kwamba hata juu ya nchi za joto stratosfia ipo, ila mwanzo wake uko juu zaidi kuliko Ulaya, na kwamba kabla ya kuufikia mpaka huo baridi huwa kali mno. Tena waliona huko juu pepo zitokazo magharibi, ilhali wengi walitazamia pepo za mashariki peke yake. Ilikuwa kiasi cha miaka ya 1960 ndipo ilipofahamika kwamba pepo hizo hupokezana, mashariki kwa magharibi, kwa kipindi cha miezi 28 hivi.

Siku hizi twajua kwamba mpaka huo juu ya nchi za joto uko kilomita 16 au 17 kutoka ardhini, na kwamba hapo joto hushuka hadi nyuzi 80 chini ya sifuri. Hapo ndipo palipo lango kuu la stratosfia. Hewa hupanda polepole kupitia lango hilo katika ukanda wa ikweta, husambaa kuelekea kaskazini na kusini, kisha hushuka karibu na ncha za dunia. Mzunguko huo hujulikana kwa majina ya Brewer, aliyeueleza mwaka 1949 kwa kupima mvuke, na Dobson, aliyeuongezea ushahidi wa ozoni mwaka 1956.

Kwa mintarafu hiyo, umri wa hewa huhesabiwa tangu hewa ilipovuka lango hilo. Hewa iliyo chini ya mpaka, ikiwa ni pamoja na ile tunayoivuta Singida, huchukuliwa kuwa haijaanza kuhesabiwa umri. Miaka ambayo gesi imekaa huku chini kabla ya kupanda haimo katika umri huo.

3. Umri hukadiriwaje?

Hewa haina mvi wala meno ya kutazamwa. Umri wake hutambuliwa kwa gesi inayoongezeka duniani mwaka hadi mwaka bila kurudi nyuma. Hebu tuchukue mfano. Tuseme mjini Singida bei ya debe la alizeti inapanda kiasi kilekile kila mwezi wala haishuki. Kila msafiri anayeondoka mjini hukariri bei ya siku yake ya kuondoka. Akifika mji wa mbali na kutaja bei hiyo, mwenyeji mwenye daftari la bei za Singida atajua papo hapo msafiri huyo aliondoka lini, hata kama hakumwuliza tarehe.

Gesi inayofanana na bei hiyo ni salfa heksafloridi, ambayo hutumika katika mitambo ya umeme wa msongo mkubwa. Takriban yote imetengenezwa na binadamu, nayo haivunjwi katika troposfia. Mwaka 2010 katika kila molekuli trilioni moja za hewa ya chini zilikuwamo 7 hivi za gesi hiyo. Mwaka 2020 zilikuwa zimezidi 10. Nyongeza hiyo ni kama theluthi moja ya molekuli kwa mwaka. Basi, kama katika mwaka 2020 hewa ya stratosfia ingepimwa na kukutwa na molekuli 9, ambapo chini zipo 10.3, tofauti ingekuwa 1.3, na umri ungekuwa karibu miaka minne. Kabonidioksidi nayo hutumika kwa njia hiyo hiyo, ijapokuwa kupanda na kushuka kwake kwa majira huhitaji kuangaliwa kwa makini.

Daftari la bei nalo ni lazima liwepo. Daftari hilo ni vituo vya ardhini vinavyojaza chupa za hewa mwaka baada ya mwaka. Katika upande wetu wa dunia, chupa za namna hiyo zilianza kujazwa katika kisiwa cha Mahé, Shelisheli, mwaka 1980. Hewa ya juu, kwa upande wake, huchotwa na ndege maalumu zirukazo juu sana, na maputo yanayobeba vyombo vya kugandishia hewa, au mrija mrefu uliokunjwa duara ambao hujaa hewa wakati unaposhuka.

Hapa ndipo neno umri linapohitaji kuwekewa mpaka. Wasafiri hawafiki mmoja mmoja. Katika kundi moja yumo aliyekuja kwa gari moshi, yumo aliyekuja kwa miguu akiswaga ng'ombe, na yumo aliyekawia njiani kwa jamaa zake. Hali kadhalika, chupa moja ya hewa ya stratosfia ina molekuli zilizoingia mwaka jana, na nyingine zilizoingia miaka kumi iliyopita. Anachokipata mpimaji ni wastani. Mwaka 1994 Timothy Hall na Alan Plumb walilieleza jambo hili kwa utaratibu wa kihesabu: hewa haina umri mmoja bali ina msambao wa umri, na ile namba moja inayotajwa ni wastani wa msambao huo. Isitoshe, wastani wa bei hutoa wastani wa tarehe pale tu bei inapopanda kwa mwendo ulio sawa. Mwendo ukibadilika, ni lazima hesabu irekebishwe kwa kuujua upana wa msambao.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba mwandishi anapotaja namba, aseme umri wastani wa hewa, wala si umri wa hewa tu.

4. Kutoa si kufunguka

Halojeni ni jina la jamii ya elementi ambamo mna florini, klorini na bromini. Watu wa Singida wanaijua klorini bila kuitaja jina, kwa maana imo katika chumvi, na maji ya Ziwa Singidani yana chumvi. Mtu angeweza kuuliza: ikiwa upepo hupeperusha chumvi kutoka maziwa na bahari, mbona klorini hiyo haiangamizi ozoni? Jibu ni kwamba chumvi huyeyuka katika maji. Mvua huiosha na kuirudisha chini kabla haijafika langoni.

Gesi za klorofluorokaboni, ambazo kwenye mitungi ya viwandani huandikwa CFC, hazina tabia hiyo. Haziyeyuki katika mvua wala haziungui. Klorini yake imefungwa imara katika molekuli, na hivyo hupita troposfia salama salimini. Ni huko juu tu, zinapokutana na miali mikali ya jua, ndipo kifungo kinapovunjika. Mario Molina na Sherwood Rowland walilitolea onyo jambo hili mwaka 1974. Mwaka 1985 Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walitangaza kwamba ozoni ya majira ya kuchipua juu ya Antaktika ilikuwa imepungua vibaya.

Basi yapo matendo mawili. La kwanza hutokea ardhini: fundi anapokata bomba la jokofu na kuiacha gesi iende zake, gesi hiyo imetolewa. Kitendo hiki kina mtendaji, chaweza kuzuiwa kwa sheria, na tarehe yake yajulikana. La pili hutokea juu: molekuli inapopigwa na miali ya jua, klorini hufunguka. Hapa hakuna mtu wa kukamatwa.

Katika maandishi mengi matendo haya mawili huelezwa kwa neno moja, utoaji. Matokeo yake ni kwamba msomaji akisoma kuwa utoaji umekoma, hudhani na madhara yamekoma siku hiyo hiyo. Lugha yetu haikutulazimisha kuchanganya hivyo. Kauli ya kutendeka, yenye kiambishi -k-, imewekwa mahsusi kwa jambo linalofikia hali fulani bila mtendaji kutajwa: mlango umefunguka, kamba imekatika, chungu kimevunjika. Kwa sababu hiyo twaona kwamba ufungukaji wa halojeni ni istilahi iliyo sahihi kwa tendo la juu, na utoaji ubaki kwa tendo la chini.

5. Hesabu ya ufungukaji na mitego yake

Turudi kwa wasafiri wetu. Tuseme kila mmoja, pamoja na kukariri bei, amebeba gunia la alizeti linalovuja. Mwenyeji anayapima magunia yanapowasili. Ili ajue kiasi kilichomwagika, hana budi kujua kwanza magunia yalikuwa na uzito gani yalipoondoka. Na kama uzito wa kuondokea ulikuwa ukibadilika mwaka hadi mwaka, ni lazima ajue tarehe ya kuondoka. Hiyo ndiyo sababu umri hutangulia, na ufungukaji hufuata.

Sehemu iliyofunguka hupatikana kwa kugawa kiasi kilichobaki kwa kiasi kilichoingia, kisha kutoa jibu hilo katika moja. Kwa mfano, gesi ya CFC-11 ikiwa iliingia kwa kiasi cha molekuli 240 kwa trilioni, na hewa ikapimwa na kukutwa na 127, sehemu iliyobaki ni 0.53 na sehemu iliyofunguka ni 0.47. Kwa kuwa kila molekuli ya CFC-11 ina atomu tatu za klorini, atomu 339 zimefunguka. Namba hiyo 0.47 ndiyo iliyotumika kwa muda mrefu kwa hewa yenye umri wastani wa miaka mitatu. Kwa CFC-12, ambayo ni ngumu zaidi kuvunjika, ilikuwa 0.23. Kwa hewa kongwe ya karibu na ncha za dunia namba hizo hukaribia moja.

Hata hivyo iko mitego miwili.

Mtego wa kwanza umo katika bei yenyewe. Salfa heksafloridi haidhuriwi na kitu katika stratosfia, lakini juu zaidi ya hapo sehemu yake ndogo huharibiwa, kisha hewa hiyo hushuka karibu na ncha za dunia. Mpimaji akikuta gesi chache hudhani hewa iliingia zamani zaidi, na hivyo huikuza umri. Kwa ajili hiyo mwaka 2018 Emma Leedham Elvidge na wenzake walilinganisha gesi kadhaa nyingine, mojawapo ikiwa kaboni tetrafloridi, ambayo hudumu makumi ya maelfu ya miaka, ili ushahidi wa gesi moja usitegemewe peke yake.

Mtego wa pili ni wa ndani zaidi. Katika kundi la wasafiri, waliokawia njiani ndio waliomwaga zaidi. Kwa hiyo alizeti iliyosalia kwa sehemu kubwa imeletwa na wale waliokuja upesi. Wastani wa tarehe za wasafiri wote si sawa na wastani wa tarehe za alizeti iliyosalia. Vivyo hivyo, CFC iliyobaki katika hewa ina umri mdogo kuliko hewa yenyewe. Zamani gesi hizo zilipokuwa zikiongezeka duniani, mtu aliyetumia umri wa hewa alirudi nyuma mno katika daftari, akasoma kiasi kidogo cha kuingilia, na hivyo akapunguza sehemu iliyofunguka. Sasa zinapopungua, kosa hilo hilo huizidisha. Mwaka 2017 Jennifer Ostermöller na wenzake wa Frankfurt walitoa njia ya kulirekebisha, ili namba ya ufungukaji iwe sifa ya gesi na ya mwendo wa hewa, isiwe inabadilika kwa sababu tu viwanda vimeongeza au vimepunguza.

Kutokana na mtego huu twapata haja ya istilahi ya tatu: umri wa gesi iliyosalia, ambao usichanganywe na umri wa hewa. Wala yote mawili yasichanganywe na muda wa kudumu wa gesi, yaani miaka ambayo gesi hukaa angani kwa wastani kabla ya kuvunjwa. Kwa CFC-11 muda huo ni miaka 50 na kitu, na kwa CFC-12 ni kama miaka 100.

6. Uzito wa jambo hili kwetu

Huenda msomaji akasema haya ni mambo ya wataalamu wa mbali. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1985 na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 katika mwaka 1993. Chini ya itifaki hiyo nchi zinazoendelea zilitakiwa kuacha CFC ifikapo mwaka 2010, na gesi zilizozirithi, aina ya HCFC, ratiba yake ya kuziacha ni mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. Marekebisho yaliyopitishwa katika mji jirani wa Kigali mwaka 2016 yaliongeza gesi za HFC, ambazo haziidhuru ozoni lakini huongeza joto la dunia.

Mwenye kutekeleza sheria hizo mwishowe ni fundi wa majokofu katika mji kama Singida au Manyoni. Kwake yeye zote huitwa gesi tu, na kazi ni kujaza gesi. Tukimwambia kwamba utoaji wa CFC ulikoma zamani, ana haki ya kuuliza kwa nini asifungue bomba la jokofu kuukuu lililolala stoo. Lakini tukimweleza kwamba gesi aitoayo leo itazunguka huku chini miaka mingi, ipite langoni, isafiri miaka mitatu au mitano, na ndipo klorini yake ifunguke, ataona kwamba tendo lake la dakika moja linamfikia mtoto wa mjukuu wake.

Tarehe zinazotangazwa za kupona kwa ozoni hutegemea hesabu hizi hizi. Tathmini ya kimataifa ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba ozoni itarudia hali ya mwaka 1980 ifikapo mwaka 2066 hivi juu ya Antaktika, 2045 juu ya Aktiki, na 2040 kwingineko. Ili kupata makadirio ya namna hiyo, wataalamu hujumlisha klorini na bromini zilizofunguka, huku kila atomu ya bromini ikihesabiwa sawa na atomu 60 hivi za klorini kwa nguvu yake ya kuila ozoni. Umri ukikosewa, sehemu iliyofunguka hukosewa. Na hiyo ikikosewa, tarehe nayo husogea kwa miaka.

7. Istilahi zinazopendekezwa

Umri wastani wa hewa: wastani wa muda uliopita tangu molekuli zilizomo katika fungu la hewa zilipoingia stratosfia.

Msambao wa umri: jinsi umri wa molekuli za fungu moja la hewa unavyogawanyika, kuanzia changa hadi kongwe.

Umri wa gesi iliyosalia: wastani wa umri wa molekuli za gesi fulani ambazo hazijavunjika.

Muda wa kudumu: wastani wa miaka ambayo gesi hukaa angani kabla ya kuvunjwa.

Utoaji: tendo la kuiingiza gesi hewani kutoka ardhini.

Ufungukaji wa halojeni: kutengana kwa klorini au bromini na gesi iliyoibeba, kwa nguvu ya miali ya jua au kwa kemia ya anga.

Sehemu iliyofunguka: uwiano wa halojeni iliyokwisha funguka na ile iliyoingia.

Klorini-linganifu: jumla ya klorini na bromini zilizofunguka, bromini ikiwa imezidishwa kulingana na nguvu yake.

Tumeyaacha troposfia, stratosfia, halojeni na ozoni katika sura yake ya kukopa, kwa kuwa yamekwisha zoeleka shuleni na hayapotoshi maana. Maneno ya umri, kutoa na kufunguka, kwa kuwa ni yetu na kila mtu anayajua, ndiyo yanayohitaji uangalifu zaidi. Walimu wa jiografia na kemia, watangazaji na mafundi wanaombwa wayajaribu katika kazi zao, na wenye maneno yafaayo zaidi, hasa kwa klorini-linganifu ambayo bado haijatulia masikioni, watuletee ili yajadiliwe.